Vepu ya betri mbili na upande wa kulia uliokuwa ukizama

Kijana alikuja dukani kwangu Mwembe Tayari Ijumaa mchana, watu ndio kwanza wanatoka msikitini, akaiweka vepu yake, sigara ya umeme, mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Anafanya kazi kwenye boti za kupeleka wageni miambani kule Bamburi, na mikono yake ilikuwa bado na chumvi.

"Ami, hii yanikata njiani. Nazichaji usiku, zajaa zote mbili. Nikifika nusu yaniandikia betri hazilingani. Nikiiwacha dakika mbili yakubali, nikivuta mara tatu yakata tena."

Nikamuuliza nani mwengine ameiangalia. Wawili. Wa kwanza alimwambia bodi, ile sakiti inayoendesha kifaa, imekufa. Wa pili alimwambia anunue betri mpya, basi. Kabla ya kununua akaazima betri mpya za mwenzake kwa siku mbili, na kifaa kikapata nafuu, lakini hakikupona. Kilikuwa bado kinalalamika betri zikikaribia robo. Hilo niliandika kwenye daftari kabla sijashika bisibisi, maana lilinikaa vibaya. Ikiwa mgonjwa ni betri, ukiitoa homa inatoka nayo. Hapa mgonjwa katoka, homa imebaki nyumbani.

Mimi sivuti, si sigara wala hizi za umeme, na nikotini simshauri mtu aianze. Lakini kikifika mezani kwangu hiki ni kifaa cha betri kama kurunzi au drili, na maradhi yake ni yale yale.

Ndani mna betri mbili za 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Zimelala ubavu kwa ubavu, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini, na zimeungwa kwa mfululizo: hasi ya hii inaingia kwenye chanya ya ile. Volti zajumlishwa, kwa hivyo zikijaa kila moja ina 4.2 na jumla ni 8.4. Ampea hazijumlishwi. Umeme unaopita betri ya kushoto ndio huo huo unaopita ya kulia, hata tone halizidi. Kwa hivyo volti za upande mmoja zikizama kuliko za mwenzake mtu anapobonyeza, usiseme upande ule unafanya kazi zaidi. Kazi ni moja. Kilichozidi upande ule ni ukinzani, yaani kinachouzuia umeme njiani, na ukinzani una mahali pawili tu pa kujificha: ndani ya betri yenyewe, au kwenye viungo vya kifaa, kuanzia betri hadi bodi.

Nikazichaji kwenye chaja yangu ya nje, nikaziacha zipoe, nikazishusha zote hadi volti 4.00. Nikaziandika kwa kalamu ya wino mzito, A ile iliyokuwa ikikaa kushoto, B ya kulia. Kioo cha kifaa kikasoma 4.00 na 4.00, mita yangu nayo vile vile. Hapo bodi nikaitoa kwenye washukiwa. Bodi yenye macho mabaya husoma vibaya hata betri zikiwa zimelala, haingojei mzigo. Na ule waya mwembamba inaopimia katikati ya betri mbili haupitishi umeme wa maana, kwa hivyo hata ukiwa na kasoro kidogo hauna cha kuzamisha.

Jambo moja kabla sijasahau. Ngozi ya plastiki ya B ilikuwa imechanika begani, karibu na kofia ya chanya. Watu hulidharau hili. Bati lote la nje la betri ni hasi, mpaka pale begani, na kati ya bega na chanya hapana hata milimita mbili. Nilikuwa nimeivisha ngozi mpya kwa joto kabla hata ya kuichaji. Betri iliyochanika siipimi wala siichaji, na anayeitia mfukoni pamoja na funguo anacheza na moto, moto wa kweli.

Nikaweka wati 65, ndizo anazovutia mwenyewe. Kifaa hiki hujikata baada ya sekunde 10, kwa hivyo nilibonyeza sekunde tano tano na kusoma mita kwenye ya tatu, kisha nikangoja betri zipumzike. Kungoja huku si adabu tu. Betri ikipata joto ukinzani wake hupungua, na ukipima mfululizo bila kupumzisha, kipimo cha sita hakitalingana na cha kwanza hata kama hakuna kilichobadilika. Moshi niliuvuta kwa pampu ya mpira, ile ya kupulizia vumbi kwenye lenzi. Duka likajaa harufu ya embe isiyowahi kuota mtini, na jirani yangu anayeuza kofia akachungulia: "Fundi, leo wapika nini humo?"

Ncha za mita niliziweka kwenye mabati ambapo waya za bodi zimechomelewa, yaani mahali bodi inapoona, si kwenye betri. Kushoto, A ilitoka 4.00 ikashuka hadi 3.62. Kulia, B ilitoka 4.00 ikashuka hadi 3.25. Mmoja kazama 0.38, mwenzake 0.75.

Hapo malalamiko ya kijana yakaeleweka. Betri iliyolala kwenye 3.7 bado ina karibu nusu ya chaji. Toa 0.75, unabaki na 2.95, na kwenye volti 3 hivi ndipo vifaa vya aina hii vinapokataa kazi. Ukiachia kitufe volti zinapanda tena, ndiyo maana ikingojewa dakika mbili inakubali. Chaji ipo, ila haifikiki.

Kisha nikazibadilisha nafasi, B kushoto, A kulia, na kuzigeuza vichwa kwa kuwa upande wa kulia chanya inatazama chini. Kila fundi anajua jaribio hili na wengi wanalitumia kama kura: tatizo likihama na betri, betri ndiyo, likibaki na upande, kifaa ndicho. Majibu yalikuja hivi: kushoto, B, 3.50. Kulia, A, 3.37.

Sasa hapo utapiga kura gani? Upande wa kulia bado ndio unaozama, kwa hivyo kifaa kina hatia. Lakini tofauti imepungua kutoka 0.37 hadi 0.13, kwa hivyo betri nayo ina hatia. Aliyesema bodi, yule wa kwanza, alikuwa anaona upande umebaki. Aliyesema betri alikuwa anaona nafuu. Kila mmoja alikuwa ameshika mguu mmoja wa ndovu.

Namba ukiziandika zinajitenga zenyewe. Mara ya kwanza betri mbaya ilikuwa upande mbaya, makosa mawili yakajumlishwa: 0.37. Mara ya pili betri mbaya ilikuwa upande mzuri, makosa yakapunguzana: 0.13. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 0.25, hilo ni deni la upande wa kulia. Toa moja kwa nyingine, gawa kwa mbili, unapata 0.12, hilo ni deni la betri B. Na nilikuwa na njia ya kujikagua. Jumla ya kuzama mara zote mbili ni ile ile, 0.38 na 0.75 ni 1.13, 0.50 na 0.63 ni 1.13. Ingekuwa zimetofautiana ningejua ncha ya mita iliteleza.

Ampea nilizipata kwa hesabu. Betri zote mbili zikiwa kazini zilikuwa na volti 6.87, na wati 65 ukizigawa kwa hizo, ukiongeza kidogo kinachopotea kwenye bodi, unapata kama ampea 10. Wavutaji wengi hukosea hapa. Wanachukua koili, ule waya unaopata moto na kutoa moshi, hii ilikuwa ya omu 0.2, wanapiga hesabu ya upande wa koili, wanapata ampea 18 na kuogopa. Bodi inashusha volti na kupandisha ampea kwa upande wa koili. Betri hazioni 18. Basi kwa ampea 10, deni la upande wa kulia ni miliomu 25 na la betri B ni miliomu 12 (omu ni kipimo cha ukinzani, na miliomu elfu moja ni omu moja).

Usijaribu kupima miliomu 25 kwa kuweka mita kwenye omu. Waya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo, utapima waya zako. Vitu vidogo hivi hupimwa kwa kupitisha umeme mwingi na kusoma volti zinazopotea, na kifaa chenyewe kilikuwa kinanipitishia ampea 10 bure.

Nikaanza na betri zenyewe, ncha juu ya bati la betri, si la kifaa. A ilizama 0.30, B 0.42. Ile 0.12 ikatokea pale pale nilipoitarajia, nami nikafurahi kama mtu aliyeona mwezi. Kisha viungo, kimoja kimoja, ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye bati. Kushoto chanya 0.04, kushoto hasi 0.04. Kulia chanya 0.04. Kulia hasi 0.29.

Mimi mtu wa Mombasa, na huyu mtu wa boti, basi nikajua ni chumvi. Hapa kila kitu huliwa na chumvi, bawaba za milango, vyuma vya madirisha, hata pini za chaja za simu hushika ukijani. Ile springi ya kulia, inayobana hasi ya betri, ilikuwa nyeupe wakati ya kushoto ina rangi ya dhahabu, nami nikasema dhahabu imeliwa. Nikaipiga kifutio cha penseli, nikaisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba, ikang'aa. Nikabonyeza. 0.27. Kusugua kote huko nimeokota milivolti 20.

Nusu saa yangu ilipotea hapo, na kosa ni langu, si la bahari. Kama kigusio ndicho kichafu, volti zingepotea pale ncha ya springi inapobusu betri. Nilipaswa kugawanya ile 0.27 kabla ya kushika kifutio: kiasi gani kwenye busu, kiasi gani ndani ya springi. Nilipoigawanya, kwenye busu palikuwa na 0.02 tu. Iliyobaki yote, 0.25, ilikuwa kati ya ncha ya springi na kitako chake. Springi yenyewe.

Mlango wa kifaa hiki hushikwa na sumaku ndogo nne. Nikauchukua, nikausogeza karibu na springi ya kushoto, haikujali. Nikausogeza kwa ya kulia, ikapinda shingo ikaufuata. Ilikuwa chuma. (Nikeli iliyopakwa juu ya shaba nayo huvutwa, lakini kidogo sana, haipindi shingo.)

"Mwanangu, hii springi iliingia lini?"

Akafikiri. "Mwaka jana, Ami. Ile ya kwanza ililala, betri ikawa yacheza. Kuna mtu akanitilia nyengine, ya kurunzi."

"Akakutoza ngapi?"

"Hamsini."

Sikumlaumu mtu huyo na silaumu sasa. Betri ilikuwa inacheza, akaifanya isicheze. Kazi ya springi aliifanya vizuri. Ila kwenye kifaa kama hiki springi ina kazi ya pili, ni waya, na ampea zote 10 zinapita kwenye uzi wake kutoka mwanzo hadi mwisho, zikizunguka kila pete. Chuma cha kawaida hukinza umeme mara kadhaa kuliko shaba, na kile kisichoshika kutu ndicho kibaya zaidi, mara 40 hivi. Kwenye kurunzi ndogo inayokula nusu ampea hutajua. Nilipoing'oa nikaipitishia ampea 2 kutoka mashine yangu ya mezani, ikapoteza volti 0.05. Ndizo miliomu 25 zile zile za kwenye daftari.

Kilichonitisha si volti, ni joto. Ampea 10 ukizizidisha kwa zenyewe, kisha kwa miliomu 25, ni wati 2.5. Hebu fikiria taa ya LED ya wati 2.5 iwe haitoi mwanga hata kidogo, iwe joto tupu, na uitie yote kwenye springi ndogo kuliko ncha ya kidole, imekandamizwa kitako cha betri ya lithiamu. Plastiki iliyoizunguka ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ngozi ya zamani ya B ilikuwa na duara la kahawia chini, nami nilikuwa nimeitupa kwenye ndoo bila kuiangalia vizuri, nikairudia, nikaona. Joto likiizidia springi inalegea, ikilegea inabana kidogo, ikibana kidogo kigusio kinazidi kukinza, na joto linazidi. Huenda springi ya kwanza ya kiwandani nayo ilikufa kifo hicho hicho, lakini hiyo sikuiona.

Kutengeneza kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Ndani ya sanduku la maiti nina vifaa kadhaa vya aina hii, nikatoa springi ya rangi ya dhahabu yenye uzi mnene. Betri nje kabisa, pasi ya kuchomelea ya wati 80, maana bati la shaba hunyonya joto na pasi ndogo itakuachia solda ya uongo huku plastiki ikiyeyuka. Juu ya hapo nikaongeza daraja: kipande cha msuko wa shaba, ule wa kunyonyea solda, kutoka ncha ya springi hadi kitako, nimekiacha kilegee ili springi iweze kubonyea. Hivyo springi inasukuma na shaba inabeba umeme. Kulia hasi ikasoma 0.05.

Ikabaki B. Nilishuku ni bandia, kwa sababu soko letu limejaa betri zilizoandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) juu ya ganda ilhali 18650 nzuri ya kuvutia ampea nyingi ina kati ya 2,500 na 3,000. Dawa yangu ya haraka ni mizani. 18650 halisi ina uzito wa kati ya gramu 44 na 50 hivi. Za uongo mara nyingi ni nyepesi, ndani mna seli ndogo na hewa. Nikampelekea sonara mtaa wa pili, ambaye ameshazoea kupimiwa betri kwenye mizani ya dhahabu na hulalamika kila mara. A gramu 45.9, B 45.7. Ni halisi, na ni pacha, zilinunuliwa siku moja.

"Basi moja imezeekaje peke yake?"

Kijana akacheka kidogo, akaangalia chini. Usiku wa bamvua, maji yakitoka, huenda mwambani kutafuta pweza na mjomba wake. Kurunzi yake ya kichwani inatumia 18650 moja. Anatoa moja kwenye vepu.

"Ipi?"

"Ya kulia, Ami. Ndiyo yatoka rahisi."

Kurunzi za bei rahisi hazina wa kuzikataza. Vepu hukataa kwenye volti 3, lakini kurunzi hunyonya mpaka taa inafifia, na lithiamu ikishushwa hivyo mara kwa mara ukinzani wake hupanda. B ilikuwa imefanya kazi mbili kwa mwaka mzima. Halafu ikirudi inachajiwa kwa waya pamoja na mwenzake, zinaandamana mfululizo kana kwamba zina umri mmoja.

Nikapima kifaa kilichotengenezwa na betri zake za zamani, A kushoto, B kulia, kutoka 4.00 zote. 3.63 na 3.51. Hakikukata, hakikulalamika. Angeweza kuondoka hivyo, nami nikamwambia ukweli kwamba kitamfaa kwa miezi, ila betri dhaifu kwenye mfululizo ndiyo huisha kwanza kila siku na kuzeeka kwa kasi. Akaamua kununua pacha mpya. Alikuja nazo Jumatatu, nikazipima kwenye mabati yale yale ya kifaa: zilizama 0.30 na 0.31. Zimezama kidogo hata kuliko A ilivyokuwa, na si kwa upya wake tu. Volti zikibaki juu, bodi inahitaji ampea chache kupata wati zile zile, na ampea zikipungua kuzama nako kunapungua. Ni duara lile la springi, ila linazunguka kwa faida.

Nikaziandika 1 na 2, nikamwambia zikae pamoja, zichajiwe pamoja nje ya kifaa, na kila chaji zibadilishane upande. A akaiweka akiba. Juu ya B nikamwandikia PWEZA kwa herufi kubwa, ili hata akiwa gizani mwambani na usingizi machoni asije akairudisha ndani ya vepu.